Kiti cha Nyuma

Kwetu Shella ya Malindi mtu hafi kwa mara moja. Kwanza husemwa ni mgonjwa. Halafu husemwa kazidiwa. Mama mtu akishakaliwa na wanawake wawili, mmoja huku na mmoja huku, ndipo huambiwa jambo ambalo hapo keshalijua mwenyewe. Ndiyo adabu yetu, hatumpigi mtu na habari usoni. Mimi nimezaliwa katika adabu hiyo na pengine nitafia humo humo, lakini tangu mvua za masika za mwaka wa themanini na sita sipendi kuisikia ikisifiwa mbele yangu.

Nasema habari za Mahfudha, binti wa Bi Chiku. Bi Chiku ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Akikohoa mimi hujua ni kikohozi cha vumbi au cha hasira. Mahfudha alikuwa akifundisha ngumbaru, wale watu wazima wanaojifunza kusoma, na huko kazini akajuana na mwalimu mwenziwe, Dena, Mgiriama wa ndani kabisa, kupita Marafa. Dena akasilimu, nikaha ikafungwa, ami yake Mahfudha akasimamia, kila kitu kwa sheria. Lakini Bi Chiku alikuwa keshamchagulia bintiye mume katika jamaa zake, na yeye si mtu wa kubadilishiwa maneno. Siku Mahfudha anatoka, mamake alisimama mlangoni mbele yetu sote akasema, "Nenda. Mume unaye. Radhi zangu huna."

Kwetu hilo si neno la kusemwa kwa mchezo. Mtoto aliyenyimwa radhi na mamake hana raha: akiumwa atasema ni kwa ajili hiyo, akikosa atasema ni kwa ajili hiyo, na kifo anakiogopa mara mbili. Mahfudha alikuja mara moja na kikapu cha mahindi mabichi kutoka shambani kwa mumewe. Mamake alifunga dirisha. Mahindi nikayala mimi, na nilikuwa na hasira hata sikuyajua ladha.

Basi asubuhi ile Charo, mdogo wake Dena, alitokea kwenye uchochoro wetu, matope hadi magotini. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na njia ya kwao ilikuwa imekatika. Akapiga hodi, akasema shikamoo, akakaribishwa. Hakuketi. Akaletewa maji, akayakataa. Macho yake yalikuwa chini. Akamwita kando Badi, kaka yake Mahfudha, ingawa katika uchochoro wetu hakuna kando. Njia ni nyembamba na masikio yetu ni mapana.

"Shemeji ni mgonjwa," alisema Charo. "Kaka amesema uje na pikipiki, magari hayapiti. Na shemeji anamtaka mamake."

"Mgonjwa sana?" Badi akamuuliza.

"Sana."

Akageuka kutazama alikotoka, akaaga, akaondoka mbio. Lilikuwako lori la mchanga lililomleta mpaka mjini, lilikuwa linarudi upande wa Sabaki, na dereva alikuwa amechoka kumngoja. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Alikataa maji kwa sababu lori lilikuwa likipiga honi. Hakuinua macho kwa sababu ni kijana mwenye haya aliyesimama mbele ya wakwe wa kaka yake. Kila neno alilosema alikuwa amelikusudia kama lilivyo, maana kwao mgonjwa ni mgonjwa na maiti ni maiti.

Lakini sisi tuliona nini? Kijana hakuketi, hakunywa, kamwita kaka mtu faraghani, kasema mgonjwa sana, katoweka kabla ya kuulizwa. Mtu wa Shella hahitaji zaidi. Wanawake tukatazamana, na mmoja wetu akaanza kuvuta leso yake kichwani taratibu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hapana aliyelitaja. Nani angethubutu kumwita Bi Chiku kwa ajili ya homa? Mahfudha aliye hai hakuwa na mama pale. Sote tulijua hivyo. Kama kaletewa habari, basi ni habari ya kuzika.

Badi aliingia ndani. Bi Chiku alikuwa akipepeta mchele. "Ana nini?" akauliza, maana na yeye masikio anayo. "Mgonjwa, mama," Badi akasema, na sauti ikamkatika. Bi Chiku aliweka ungo chini vizuri, akalaza kiganja juu ya mchele, akakaa hivyo. Sisi tukaingia, mmoja huku na mmoja huku.

Badi alikuwa fundi. Alikuwa akitengeneza na kukodisha pikipiki kwa niaba ya Mzungu mmoja, kwenye banda nyuma ya soko, na wageni waliotaka kwenda lile korongo la Hell's Kitchen kule Marafa au msituni Arabuko alikuwa akiwapakilia mizigo yeye mwenyewe. Kazi hiyo aliipenda hata akawa mchoshi. Ukimkuta barazani atakueleza mzigo mzito ukae chini na karibu na mpanda, usiwe juu wala nyuma. Kulia na kushoto pawe sawa. Kamba ziwe za mpira wa tairi, maana katani hulegea ikilowa. Tulikuwa tukimcheka. Siku ile alileta pikipiki mbili uchochoroni, akazisimamisha mbele ya nyumba, akakaa kuzitazama.

Moja ilikuwa nyepesi, imeinuka, tairi zake zina meno makubwa na kiti chake chembamba kinapanda nyuma. Ya pili ilikuwa ya barabara, nzito, kiti kipana cha kukaa mtu kwa raha, na keria ya chuma yenye kubeba pande zote mbili. Badi hakuwa na shaka yoyote. Ile nyepesi ikizama matopeni mtu mmoja anainyanyua, akasema. Ile nzito ikilala, imelala, itataka watu. Akaanza kuifungia dumu la petroli ile nyepesi, akatia spana, pampu, mpira wa ndani wa akiba, panga, na lile kopo lake la dawa na bendeji asiloliacha safari yoyote. Alipofika hapo ami yake akatoka ndani.

"Na shangazi yako atakaa wapi?" akamuuliza.

Maana kama ni maiti ya mwanamke, inatakiwa mwosha wa kike. Mwosha wetu ni Bi Mwanabibi, dada yake marehemu babake Badi, mtu mzima, mwili umemjaa, goti moja bovu. Katika mtaa wetu hakuna mwanamke aliyefariki asipitie mikononi mwake. Kule bara, tukasema, ataosha nani? Tulisema kama kwamba hakuna Waislamu huko Marafa na viunga vyake, na wako tangu babu zetu. Lakini hapana aliyeuliza. Tulishaamua kwamba mwenzetu yuko kwa watu wasiojua kitu.

Tukamjaribu Bi Mwanabibi kwenye ile nyepesi. Kinu kikapinduliwa kiwe ngazi, wanaume wakageuka kutazama ukuta, nasi wanawake tukampandisha. Alikaa upande, kwa heshima ya buibui lake, akateleza kwa mbele, tukamdaka. Tukampandisha tena akateleza kwa nyuma. Siku nyingine tungecheka hadi tulie. "Wanangu," alisema akihema, "mnataka kuniosha mimi kabla ya mwenzangu?" Hapo Badi akafungua kamba zake zote, akahamisha mizigo kwenye ile nzito.

Kisha ikaja mizigo ya msiba, na hapo asubuhi ikatuponyoka. Bafta ya sanda ilikuwa haijanunuliwa. Mtu akatumwa dukani, duka halijafunguliwa, mwenye duka akafuatwa kwake. Pamba. Karafuu maiti. Udi. Majani ya mkunazi, na mkunazi wenyewe uko kwa watu, lazima uombe kwanza. Sabuni, marashi, kopo jipya la kuogeshea. Vyote hivyo Badi alivipanga kwenye keria kwa kanuni zake zile zile, huku na huku sawa, vizito chini. Nafasi ikawa haitoshi. Ami akalichukua lile kopo la dawa akalitikisa.

"Dawa hizi ni za nani?"

Ami akalitoa, na mahali pake ikakaa chupa ya marashi.

Nilikuwa nimesimama karibu nikishika kamba, na nilikuwa naitazama ile pikipiki nyepesi iliyoegemezwa ukutani. Nikamwambia Badi, "Huyo kijana alisema anamtaka mamake." Akaniambia, "Ndivyo husemwa, bibi." Na kweli ndivyo husemwa.

Wakati huo Bi Chiku akatokea mlangoni, kavaa buibui, kandambili miguuni. Tulidhani amelala.

"Nakwenda mimi," akasema.

Akaja moja kwa moja hadi kwenye pikipiki, akashika kile kiti cha nyuma. Bi Mwanabibi alikuwa bado hajapanda. Hapo tukamzunguka sote, tukamshika mikono. Mama wa marehemu hatoki. Mama wa marehemu hukaa kwake, watu wamjie, wamkalie, wamlilie. Nani atapokea watu? Na kule akifika atafanya nini, akamwone mwanawe kwenye kitanda cha kuoshea? Tulimwambia kwa upole, kila mmoja kwa zamu yake, na kila tuliposema tuliuachanisha mkono wake na kile kiti kidogo zaidi. Wallahi alikuwa na nguvu. Mwishowe akaachia, akakaa chini palepale, mchangani, na ndipo akalia.

"Mahfudha!" akalia. "Mwanangu, radhi! Nimekupa radhi zangu, zote, za maziwa niliyokunyonyesha na za tumbo nililokubebea! Nimekusamehe duniani na akhera! Enyi watu mlioko hapa shuhudieni, mwanangu hana deni kwangu!"

Hapana aliyebaki na macho makavu. Bi Mwanabibi alikuwa akijifuta kwa pindo la buibui. Badi alilia akiwa ameshika usukani, machozi yanamdondokea juu ya tangi. Nami, Mungu ananijua, nilifurahi. Nikasema moyoni, angalau maskini kapata. Kisha Bi Mwanabibi akapandishwa juu ya kile kiti kipana, akakaa vizuri, kifurushi cha sanda mapajani, Badi akapiga kiki, wakaondoka. Jua lilikuwa limekwisha panda sana.

Ya njiani nimeyapata kwa Badi na kwa Bi Mwanabibi, na yamelingana. Hadi daraja la Sabaki walikwenda vizuri. Walipoacha lami, mashaka yakaanza. Udongo wa kule ukilowa hunata, unajaza nafasi ya tairi na bamba la juu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Badi alikuwa akisimama, akikwangua kwa panga, wakienda kidogo, akikwangua tena. Kila penye dimbwi Bi Mwanabibi alishuka na goti lake bovu akatembea kandokando ya vichaka, na kupanda tena ikawa ni kazi ya kutafuta jiwe au kisiki. Mahali pamoja pikipiki ililala, Badi chini yake, na hapakuwa na mtu. Waliiinua wao wawili, fundi na mama mtu mzima aliyekuwa akisoma nyiradi kwa sauti. Ile nyepesi, Badi aliniambia, ingefika adhuhuri haijaadhiniwa. Wao walifika jua limeshapinda.

Kwenye boma la kina Dena hapakuwa na kilio. Badi aliona hilo kwanza. Kuku wanatembea, moshi unatoka jikoni, na mwanamke mmoja anatoka mbio amenyoosha mikono, anacheka kwa furaha. Alikuwa Kadzo, mamake Dena. Alimpita Badi, akamshika Bi Mwanabibi mikono yote miwili kabla hajashuka.

"Mulungu wangu, umekuja! Mamake Mahfudha, umekuja!" akasema. Kisha akageukia nyumba akapaza sauti, "Mahfudha! Mamako amekuja!"

Kutoka ndani ikasikika sauti. Badi ananiambia mikono yake ilikufa ganzi, pikipiki ikamwinamia na asingeweza kuizuia lau Dena asingetokea kuidaka. Sauti ilikuwa ya Mahfudha, dhaifu, inasema, "Mama? Mama, ngoja, nainuka."

Mimba ilikuwa imeharibika, na damu tangu jana yake haikukatika. Muuguzi wa karibu alikuwa amesema apelekwe Malindi upesi. Gari lililoombwa lilikwama, likaachwa huko huko. Ndipo Dena akamtuma Charo: Badi aje na pikipiki yake, ile inayopita popote, ambebe nduguye; na ikiwezekana aje na mama, maana Mahfudha tangu usiku hakuwa na neno jingine.

Badi aliingia. Mahfudha alikuwa amejiinua kwa kiwiko kitandani, anautazama mlango, midomo myeupe. Nyuma ya Badi akaingia Bi Mwanabibi. Masikini alijaribu kukificha kile kifurushi ndani ya buibui, lakini harufu ya karafuu maiti haifichiki, na nyumba ilikuwa ndogo. Mahfudha akamtazama shangaziye. Akajilaza tena polepole.

"Shangazi," alisema, "umekuja kunitazama au kuniosha?"

Bi Mwanabibi, ambaye ameshika maiti wangapi bila mkono kutetemeka, alitoka nje akakaa ukutani akajifunika uso.

"Tulidhani," Badi akasema. "Mahfudha, Charo alisema, sisi tukadhani..."

"Mama hakuja."

"Alitaka kuja! Alishika kiti cha pikipiki, akazuiwa. Na amekupa radhi. Wallahi, mbele ya mtaa mzima. Zote. Kasema amekusamehe duniani na akhera."

Badi anasema uso wa nduguye ulibadilika. Damu haikuwamo, lakini kulikuwa na kitu kilichofanana na damu kurudi. Akalionja neno lile. Kisha akauliza, "Alisema lini?"

"Leo asubuhi."

"Alikuwa anajua kwamba mimi ni hai?"

Lilikuwa ni jambo dogo kusema ndiyo. Yeyote kati yetu angesema ndiyo. Badi akafungua mdomo, uongo ukamkwama, na Mahfudha alikuwa akimtazama wakati wote.

"Basi nipandisheni," akasema. "Nikamuulize mwenyewe."

Ilikuwa si wakati wa kubishana. Badi alitoka akazikata zile kamba za mpira kwa panga badala ya kuzifungua. Akatupa chini kila alichokuwa amekipanga asubuhi: kopo, mkunazi, sabuni, chupa ya marashi ikapasuka kwenye jiwe. Hata dumu la petroli aliliacha baada ya kujaza tangi, apunguze uzito. Dena alitaka kupanda nyuma amshike mkewe. Akapanda, pikipiki ikakaa, gurudumu la nyuma likachimba tope bila kusogea. Akashuka. Wakamfunga Mahfudha kwenye mgongo wa Badi kwa leso za Kadzo, mbili, moja kifuani na moja kiunoni, kama anavyobebwa mtoto. Dena aliisukuma ile pikipiki akikimbia nyuma yake katika kila dimbwi, mpaka penye changarawe, na hapo akaachwa amesimama njiani. Bi Mwanabibi alibaki bomani na sanda yake.

Njiani Badi alisikia pumzi ya nduguye shingoni. Alimwambia, tunakwenda hospitali, ukipata nafuu nitakwenda kumleta mama. Mahfudha akasema hapana. Kwa mama kwanza. Badi akabisha, na yeye akasema, "Usiponipeleka nitafungua leso." Hakuwa na nguvu ya kufungua hata kifungo, na Badi alijua, na bado akampeleka. Mimi simlaumu. Wengine humlaumu, wakiwa wamekaa barazani na kahawa.

Sisi huku tulikuwa tumetandika mikeka tangu adhuhuri. Wanaume wako nje kwenye mabenchi, wanawake ndani na ukumbini, msomaji amemaliza juzuu yake, kahawa inapita. Bi Chiku amekaa katikati yetu, amevuliwa vipuli, amefunikwa leso mpya. Tukasikia pikipiki. Tukadhani ni Badi anarudi kutoka mazishini, tukaanza kulia upya, kama inavyopasa.

Wanaume wakanyamaza ghafla. Halafu mmoja akasema, "Lahaula." Nikatoka nikaona. Badi ametapakaa matope hata macho hayaonekani, pikipiki inanguruma bado, na nyuma yake Mahfudha, shavu limelala juu ya bega la kaka yake, macho wazi, anaitazama mikeka. Anatutazama sisi. Akaona mabenchi, akaona birika la kahawa, akaniona mimi na machozi yangu.

Bi Chiku alipasua katikati yetu akatoka. Alisimama kizingitini, pale pale aliposimama siku ile nyingine.

"Mama," alisema Mahfudha. Ilibidi Badi apunguze moto ndipo asikike. "Hawa wote wamesikia. Mimi nimekosa kusikia. Niambie na mimi."

Mimi namjua Bi Chiku. Akiogopa hukasirika, na akifurahi hukasirika zaidi. Tangu asubuhi alikuwa amelia mbele ya watu, yeye ambaye hajaonwa akilia hata siku ya kumzika mumewe. Mikeka imejaa, vipuli kavuliwa, watu kutoka Mambrui wako njiani, na mtu wake yuko hai juu ya pikipiki anamdai mbele ya wote. Niliona mdomo wake ukitetemeka. Nilidhani radhi zinakuja. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimshike asianguke.

"Nilimpa aliyekufa," akasema Bi Chiku.

Nataka niseme kwamba halikumtoka moyoni. Lilitoka mdomoni tu, na lilipotoka alishtuka yeye mwenyewe kuliko sisi sote. Lakini lilikuwa limekwisha semwa. Mahfudha alimtazama mamake. Hakuonyesha hasira. Ningependa kama angeonyesha hasira.

"Basi ningoje kidogo, mama," alisema. Kisha akamwambia Badi, "Twende."

Badi akavuta moto. Ile pikipiki nzito ina mlio mkubwa katika uchochoro, kuta zinaurudisha. Walipokuwa wanaelekea kona ya msikiti, ndipo Bi Chiku alipopiga ukelele na kutoka mbio, bila kandambili, leso imemdondoka, kichwa wazi mbele ya wanaume. "Radhi!" alikuwa akipiga kelele. "Mwanangu, radhi! Radhi, Mahfudha, geuka! Nimekupa! Wewe, wewe uliye hai, nimekupa!" Alikimbia hadi pale kona akaanguka. Sisi tulisikia kila neno. Mtaa wote ulisikia. Pikipiki ikapinda, ikapotea.

Hospitalini walifungua zile leso za Kadzo wakamlaza Mahfudha kitandani. Muuguzi aliweka mkono shingoni, akauweka tena, akamuuliza Badi huyu mgonjwa aliacha kusema tangu wapi. Badi hakujua. Barabara ya kutoka Shella hadi pale si ndefu. Mahali fulani katika barabara hiyo uzito wa mgongoni mwake ulikuwa umebadilika, na yeye alikuwa akitazama mbele.

Tulimzika asubuhi yake. Hayo sitaki kuyasimulia.

Bi Chiku yu hai mpaka leo, na mimi bado ni jirani yake. Hasemi ukali tena na mtu. Hata watoto wakimwagia maji ukutani hunyamaza. Badi akija kumwamkia, humkalisha karibu, humshika mkono, na humuuliza swali lile lile, pale kona ya msikiti, alimhisi akigeuka? Aligeuza kichwa? Na Badi, aliyeniambia mimi peke yangu kwamba hakuhisi kitu wala hakusikia kitu ila injini, Badi yule aliyeshindwa kusema uongo mara moja tu kwa nduguye, humjibu mamake bila kusita, "Aligeuka, mama. Alisikia."

Bi Chiku huitikia kwa kichwa, hushukuru Mungu. Kesho yake humuuliza tena.